Sufuria Aliyoisukuma Pascaline

Siku Pascaline aliposukuma sufuria ya wifi yake, jiko lote la hospitali lilinyamaza. Walioshika mwiko waliuacha umesimama ndani ya bugali. Mama mmoja aliyekuwa akipuliza moto alibaki na mashavu yamejaa pumzi, asijue aitoe wapi.

"Sili," alisema Pascaline.

Ni neno fupi, lakini toka Kasongo mpaka Kabambare hakuna asiyejua uzito wake. Mtu akikupikia, nawe ukakitazama chakula ukasema huli, hujazungumzia tumbo lako. Umezungumzia mkono wake. Umesema kwamba mkono ule hutia kitu. Ndiyo maana mpishi mwenye adabu huonja kwanza mbele ya anayemwandalia, na mgeni, hata akiwa ameshiba hadi kooni, humega tonge moja ili aondoke bila kumwachia mwenyeji jina baya.

Na aliyekataliwa siku ile hakuwa mtu wa kukataliwa. Alikuwa Dieudonnée, mjane wa Jean-Paul, kaka yake Pascaline. Dieudonnée alisoma kwa masista mpaka akapata diploma, na kitenge chake kilipigwa pasi hata siku za mvua. Aliifunika sufuria bila kelele, akamtazama mgonjwa wake usoni.

"Wifi, unajua unachofanya?"

"Ninajua."

"Watu wanaona."

"Nimengoja waone. Tukiwa wawili nimekuambia mara nyingi, hukunisikia."

Mama Chimène, aliyekuwa akimlinda mumewe aliyepasuliwa tumbo, ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Ehee! Hata mwenye kichwa kimeharibika anajua chungu cha kukimbia!"

Kicheko kilipita jikoni, kile cha watu wasiotaka kuonekana wamecheka. Dieudonnée hakugeuka. Alibeba sufuria yake akavuka uwanja wa hospitali, mgongo umenyooka, bila kuharakisha hatua hata moja. Pascaline alimtazama akienda na moyo ukamuuma, kwa kuwa mwanamke yule alimwogesha siku ambazo hakuna mwingine aliyethubutu kumsogelea. Lakini hakumwita arudi.

Pascaline alizaliwa Lusangi, katika nyumba ya katekista. Nyumba hiyo haikuwa tajiri, ila ilikuwa na sheria zake: haiombi chumvi kwa jirani, haigombani njiani, na watoto wake, wa kike kwa wa kiume, huenda shule hata kama mpunga umeiva na ndege wanaushambulia. Pascaline alisoma mpaka akawa mwalimu, akapewa darasa la pili huko Wamaza. Watoto walimwita Madamu, na jina hilo halijamtoka. Alikuwa na mwandiko wa ubaoni ambao wazazi walikuja kuutazama dirishani, kama watu wanavyotazama kitambaa dukani.

Kisha ugonjwa ukaja. Ulianza na sauti ya mkaguzi wa shule. Mkaguzi hakuwapo, lakini Pascaline alimsikia nyuma ya ubao akimsahihisha: Umekosea. Futa. Watoto wanakucheka. Baadaye wakaja wengine, wakamwambia chakula chake kina sumu. Akaacha kula, akaacha kulala. Siku moja alitoka darasani na chaki mkononi akashika njia peku, na waliomrudisha walimrudisha amefungwa kamba.

Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Ukoo ulimkabidhi kwa baba mkubwa Marcellin, huko Kabambare, naye akamweka katika chumba cha nyuma alimohifadhi mihogo mikavu. Hakikuwa na dirisha. Mzee Marcellin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mabinti wa kuoza, na aliona kwamba mgonjwa asiyeonekana hamharibii mtu posa. Pascaline alikaa humo mpaka akawa anaijua mvua kwa harufu tu. Jean-Paul aliporudi kutoka safari na kuikuta hali hiyo, hakuitisha mkutano. Alivunja komeo, akampandisha dada yake kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akamfunga kwa kitenge kifuani pake asianguke, akayapita matope yote ya barabara ile mpaka hospitali ya Kasongo.

Huko ndiko alikopata dawa. Sauti hazikuisha, ila zilirudi nyuma, zikawa kama watu wanaobishana ng'ambo ya ukuta wa jirani. Alitoka hospitali, akarudi, akatoka, akarudi tena. Ugonjwa wa namna hii hauagi moja kwa moja. Mwishowe akabaki katika jengo la nyuma, ndivyo watu wanavyoliita jengo la wagonjwa wa akili, na Jean-Paul akahamia Kasongo na mkewe ili awe karibu naye.

Kisha Jean-Paul akafa. Homa ilimshika akiwa ametoka tu mezani, na kabla ya juma kwisha alikuwa kaburini. Wawili watatu katika ukoo wakauliza, si kwa sauti kubwa: alikula nini? Nani alimpikia?

Dieudonnée hakulijibu swali hilo kwa mdomo. Alilijibu kwa sufuria. Katika hospitali ile kila mgonjwa hupikiwa na watu wake, na yule anayempikia na kumfulia huitwa mlinzi wake. Dieudonnée akajifanya mlinzi wa Pascaline. Kila siku alivuka uwanja na sufuria inayong'aa, ili kila aliyeuliza aone kwamba dada wa marehemu mwenyewe anakula kutoka mkono uleule. Na Pascaline akanenepa. Dawa za kichwa huleta njaa isiyojua kushiba, na mafuta ya mawese yakafanya yaliyobaki. Kwa watu wetu unene wa mgonjwa ni sifa ya mlinzi. Walimtazama mashavu yanavyong'aa, wakasema, "Huyu analishwa." Mwili wa Pascaline ukawa ushahidi wa mjane, na wenye kuuliza wakanyamaza.

Shida ni kwamba ushahidi ulianza kuugua. Miguu ilivimba mpaka kandambili zikaacha alama. Kiu haikumwacha. Kupanda ngazi za baraza ilikuwa kama kupanda mlima. Daktari akapima damu, akasema imepanda, tena ina sukari, na asipoangalia, moyo utamuua kabla ya uzee.

Ndipo Djamali, muuguzi wa jengo la nyuma, alipoleta jambo lake. Alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa Kasongo, mwenye kofia ya kufuma aliyoivua tu anapochoma sindano. Aliwakalisha wagonjwa barazani.

"Tumetibu vichwa," alisema, "tukasahau kwamba kichwa kinabebwa na mwili. Sitaki mtu wangu atulizwe sauti halafu afe kwa moyo. Kuanzia kesho tunatembea."

Wakaanza kutembea, asubuhi, kuzunguka ua wa hospitali. Wakapewa kipande cha ardhi nyuma ya jengo, wakalima mchicha tunaouita lengalenga, nyanya na maharage. Djamali aliwafundisha kupiga mswaki, kupunguza sigara, na kugawanya sahani: nusu mboga, robo bugali, robo maharage au samaki. Mara moja kwa juma walipika wenyewe walichovuna. Walinzi jikoni waliwatazama wakipita kwa mstari na mikono ikienda, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Jeshi la wendawazimu! Vita iko wapi?"

Souleymane, aliyewahi kuchimba dhahabu Lusangi kabla shimo na pombe havijamvuruga, naye alikuwa na lake. "Muganga, miye nimezunguka hii ukuta mpaka inanijua jina. Tunaenda wapi?"

"Mnaiendea kesho," alijibu Djamali. "Tembea."

Siku ya kwanza Pascaline hakufika mbali. Alikaa kwenye jiwe karibu na lango, anahema kama mvukuto, na mkaguzi akamjia nyuma ya sikio: Umekosea. Rudi ndani. Wanakucheka. Safari hii walikuwa wanacheka kweli. Pascaline alipumua, akainuka. "Mkaguzi," alimwambia chini kwa chini, "kama huwezi kunyamaza, basi tembea nawe."

Tangu hapo akawa wa mbele. Aliwaimbisha nyimbo za darasa la pili ili hatua zilingane, watu wazima wenye ndevu wakiimba kuhusu jogoo na mahindi. Miguu ikapungua uvimbe, kandambili zikaacha kuuma. Kitenge kilichokuwa kikimbana kikawa kinataka fundo jipya. Djamali alipompima akatabasamu.

Lakini jikoni hawakutabasamu. "Madamu anakwisha," walisema. "Mashavu yake yamekwenda wapi?" Na Mama Chimène akatia chumvi: "Mulinzi wake amechoka. Ama iko kitu kingine?"

Maneno hayo yalimfikia Dieudonnée siku hiyohiyo. Kesho yake sombe, yaani kisamvu, lilikuja linaelea katika mawese, bugali limepanda kama kichuguu, na chai ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko.

"Wifi," Pascaline alimwambia kwa upole walipokuwa peke yao, "haya mafuta yananiua."

"Ukikonda, nitakufa mimi kwanza. Hujui wanayoyasema."

"Ninayajua. Wanayasema mbele yangu. Wanafikiri mgonjwa wa akili ni kiziwi pia."

"Basi kula, ukoo wetu usitukanwe."

Alimwomba siku nyingine, na nyingine. Alijaribu hata ujanja, akawa anampitishia Souleymane sahani nyuma ya jengo, mpaka Souleymane mwenyewe akaja kulalamika. "Madamu, unaniua kwa utamu. Jana Muganga amenipandisha kwenye mizani, mizani imelia." Ndipo Pascaline alipoona kwamba njia ya kificho imefika mwisho. Akangoja saa ya chakula, watu wakiwa wengi, akasukuma sufuria.

Djamali alikuwa wa kwanza kumfuata barazani baada ya tukio lile. Alivua kofia, jambo lililomwogopesha Pascaline kuliko kicheko cha jikoni.

"Madamu, nitakuuliza, usinikasirikie. Zamani ulikataa chakula kwa sababu sauti zilikuambia kina sumu. Leo ni sauti?"

Pascaline akacheka, kicheko kikavu. "Leo sauti zilikuwa upande wa sufuria. Mkaguzi aliniambia, kula, watu wanakutazama, usituaibishe. Nikamkatalia yeye pia."

Djamali akarudisha kofia kichwani.

Lakini neno likishapanda pikipiki halishuki njiani. Lilifika Kabambare limevaa nguo nyingine: kwamba Pascaline ameonja sumu katika sufuria ya mjane, kwamba hospitali inamkondesha, kwamba anakimbizwa mbio na askari. Jibu la mzee Marcellin lilirudi na dereva aliyekuja kununua petroli. Alilitoa akiwa bado juu ya pikipiki yake, mbele ya lango: "Baba mukubwa anasema anakuja Jumapili. Anasema Madamu afunge vitu vyake, anarudi nyumbani. Na mujane ajiandae kujibu."

Pascaline aliposikia "nyumbani" alinusa mihogo mikavu. Chumba kile kilimjia kizima, na giza lake, na ule ufa mmoja wa mlango aliokuwa akiuwekea jicho. Alikwenda shambani akashika jembe. Akapalilia mpaka harufu ile ikamtoka puani.

"Watu wa ukoo wakishikilia, siwezi kukufungia hapa," Djamali alimwambia. "Mimi ni muuguzi, siyo baba yako. Nitawaeleza dawa na damu, lakini wanaweza kunisikiliza na bado wakakupandisha pikipiki."

"Usinifungie. Nipe jiko tu."

"Jiko?"

"Jumapili siyo siku yetu ya kupika. Ninaomba iwe."

Souleymane, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anang'oa magugu, aliinua kichwa. "Tunapika nini?"

"Tulichopanda."

"Mutu akitoka Kabambare mwenye hasira, unamupa lengalenga?" Aliguna. "Madamu, weye kweli iko mugonjwa."

Jumapili mzee Marcellin aliwasili kwa pikipiki watu wakitoka misa, matope yamempanda mpaka magotini, na nyuma yake mzee mmoja wa ukoo aliyeletwa awe shahidi. Walipewa viti mbele ya jengo la nyuma. Habari ilikuwa imetangulia, kwa hiyo walinzi waliacha vyungu vyao wakajipanga ukutani, kila mmoja na kisingizio chake; Mama Chimène alibeba ndoo isiyo na maji. Dieudonnée alikuja na nguo zake za kanisani. Alisalimia wazee kwa kupiga goti kidogo kama inavyotakiwa, kisha akasimama. Hakupewa kiti, naye hakuomba.

"Sikuja kwa kelele," alianza mzee Marcellin. "Ndugu yangu katekista alikuwa na jina. Jean-Paul, mutoto wake, alikuwa na jina. Jean-Paul alikula, akafa. Tulinyamaza. Sasa dada yake anakataa chakula ya mukono uleule, mbele ya watu. Mutu akikataa chakula, amesema. Mujane, unajibu nini?"

"Nimejibu kila siku tangu mume wangu alipozikwa," alisema Dieudonnée. "Wote hapa wameona jibu langu likipita na sufuria. Sina lingine."

"Na weye, muganga, mutoto wetu alikuwa munene, muzuri. Angalia sasa! Mumemufanya kuni."

Djamali akaeleza habari ya damu na sukari, kwa adabu, bila haraka. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapangusa matope gotini. "Asante. Pascaline, lete vitu vyako."

Pascaline alitoka ndani. Hakubeba mfuko. Alibeba sufuria ya hospitali, nyeusi kwa moshi, na nyuma yake Souleymane alibeba sahani na beseni la kunawia kama mhudumu wa harusi. Aliiweka sufuria juu ya kigoda mbele ya baba yake mkubwa, akaifunua. Lengalenga lililopikwa na nyanya na karanga za kusaga, maharage, viazi vitamu, na wali kidogo wa mpunga wa Kasongo. Akachota kijiko cha kwanza mbele ya macho yao wote, akala, akameza.

"Nimeonja," alisema. "Baba mkubwa, karibu. Umetoka mbali."

Mzee aliiangalia sufuria. Aliwaangalia watu wa jengo la nyuma waliopanga mstari barazani, mmoja akitikisa kichwa kwa wimbo anaousikia peke yake. "Nani amepika?"

"Mimi. Na hawa wenzangu."

"Asante, mwanangu. Siko na njaa."

Pascaline hakuinua sauti. Alikuwa na sauti ya ubaoni, ile inayofika benchi la mwisho bila kupanda.

"Hutaki, baba mkubwa?"

"Nimesema siko na njaa."

"Mtu akikataa chakula, amesema. Ni maneno yako, hayajapoa. Basi malizia. Simama uwaambie watu hawa wote kwamba binti wa ndugu yako katekista anatia sumu."

"Sijasema hivyo!" Mzee alishtuka. "Nani amesema sumu?"

"Hakuna. Hata mimi sikuisema siku ile. Nilisema sili. Kama wewe unaweza kukataa chakula changu bila kuniita mchawi, basi mimi pia niliweza kukataa mafuta ya wifi bila kumwita muuaji. Na kama kukataa ni kushtaki, basi leo umenishtaki mimi, damu yako, mbele ya Kasongo nzima. Chagua, baba mkubwa. Sufuria inapoa."

Kando ya ukuta mtu mmoja alisema "Ee!" na mwingine akamkanyaga. Mama Chimène aliweka ndoo yake chini. Mzee wa pili, shahidi aliyeletwa, alianza kutazama maharage kwa namna iliyoonyesha kwamba yeye binafsi amekwisha kuchagua.

Kabla hawajajibu, Dieudonnée alisogea. Alinawa mikono katika beseni la Souleymane, polepole, kidole kwa kidole, akakaa kwenye kiti kitupu cha Djamali bila kukaribishwa, akachota. Watu wote walimtazama akitafuna. Uso wake haukuonyesha kitu mpaka alipomeza.

"Wifi," alisema, "chumvi iko wapi?"

"Ilibaki Lusangi."

"Na mafuta?"

"Umeyamaliza wewe. Tangu Jean-Paul afe umenipikia yote."

Kitu kilicheza kwenye pembe ya mdomo wa Dieudonnée, akakirudisha ndani. Akachota tena. "Karanga zimekaangwa vizuri," alisema, kama mwalimu anayetoa alama asiyotaka kuitoa.

Shahidi wa Kabambare hakungoja zaidi, alinawa. Mzee Marcellin akabaki peke yake katikati ya uwanja na njaa yake ya barabara, na jina la ukoo likiwa juu ya kigoda, linatoa mvuke. Alivuta sahani.

"Hii ni chakula ya mbuzi," alisema alipokuwa ameonja.

"Mbuzi wana nguvu, baba mkubwa," Souleymane alimwambia. "Wanatembea kutwa, na hakuna mutu anawaita wazimu."

Uwanja mzima ulicheka, na safari hii hakuna aliyeficha mdomo. Mzee hakucheka, lakini alikula mpaka sahani ikaonyesha uso wake, akaongeza maharage.

Alipokwisha kunawa, alijaribu mara ya mwisho. "Haya, nimekula. Neno la sumu limekwisha, hakuna atakayelirudia mbele yangu. Lakini nyumbani ni nyumbani. Tunaondoka."

Pascaline alikuwa akikusanya sahani. Aliziweka chini.

"Sitakuja. Chumba chako hakina dirisha. Nilikaa humo mpaka nikasahau rangi ya majani. Sikulaumu, ulikuwa na mabinti wa kuoza, nao wameolewa. Sasa mimi nina shamba la kupalilia, nina watu wa kuimbisha asubuhi. Sauti zangu hazijaisha, baba mkubwa, hazitaisha. Lakini nikizisikia nikiwa natembea, zinahema kuliko mimi. Ukitaka kunichukua, itabidi unifunge kamba hapa, mchana, watu wakiona. Na uanze na mimi nikiwa nimesimama."

Wagonjwa wa jengo la nyuma walikuwa wameteremka ngazi za baraza mmoja mmoja, bila kuambiwa, wakasimama nyuma ya Madamu katika mstari wao wa asubuhi. Hawakuwa na fimbo wala jiwe. Walisimama tu, mikono ubavuni. Na mbele ya mstari, hatua moja kulia kwa Pascaline, alikuwa Dieudonnée na nguo zake za kanisani.

"Mzee wangu," alisema Dieudonnée, "barabara itakuharibikia ukichelewa. Mawingu yanakuja upande wa Kabambare."

Mzee Marcellin alitazama mawingu, ambayo yalikuwapo kweli. Alitafuta kofia yake. Hakuomba radhi, na hakuna aliyetegemea aombe. Alipopanda pikipiki aligeuka. "Utaniletea mbegu ya ile lengalenga," alimwambia Pascaline kwa ukali, kama anayetoa adhabu. "Ya kwetu imekauka yote." Pikipiki ikaunguruma, ikaondoka na watu walewale iliokuja nao.

Kesho yake jiko lilikuwa limejaa kama kawaida. Dieudonnée alivuka uwanja na sufuria yake, akaiweka mbele ya Pascaline, akaifunua ili kila mwenye jicho aone. Sombe lilikuwa kijani tupu. Bugali lilikuwa kama ngumi ya mtoto.

Mama Chimène alirefusha shingo. "Heh! Mama Dieudonnée, mafuta imepotea sokoni?"

"Mafuta iko," alijibu Dieudonnée, kwa lugha yao hasa ili asikike vizuri. "Nimeikataa."

Akachukua kijiko, akaonja wa kwanza mbele ya watu, akakunja uso. "Nimeonja. Halina ladha kabisa. Kula, wifi."

Pascaline akala. Mkaguzi alisema neno nyuma ya sikio lake, na mbali, barazani, Souleymane alikuwa akiuliza kwa sauti kama kuna mtu hatamaliza. Pascaline alipoona kimemtosha, alifunika chakula kilichobaki akaisukuma sufuria kwa wifi yake, katikati ya jiko, mchana kweupe.

Jiko halikunyamaza. Mwiko uliendelea kugeuza bugali, moto ukapulizwa, na Mama Chimène akawa anagombana na mtu mwingine kuhusu kuni.